Kitu Alichookota Verdiane

Jean-Bosco Sebarenzi wa Muheto, katika milima ya Masisi, mashariki ya Kongo, hakuwa mtu wa maneno. Watu waliolima naye mlima mmoja kwa miaka thelathini walijua salamu yake, kikohozi chake, na namna alivyonyoosha mistari ya maharagwe hata pale ardhi inapoinama kama paa la nyumba. Zaidi ya hapo hawakujua mengi. Kanisani alikaa karibu na mlango. Mkutano wa kijiji ukiitwa, alikwenda, akasikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani. Mkewe Mukandori akimwuliza kimesemwa nini, alijibu, "Wamesema mengi," akachukua jembe lake.

Ndiyo maana Mukandori alishangaa, Julai ya mwaka 2019, kumwona mzee wake akihangaika kutafuta la kuwaambia watoto. Binti yao Uwamariya alikuwa amekimbilia mji wa Sake katika ile miaka mibaya ya vita, akaolewa huko, akazaa huko, na watoto wake walikua kwenye njia panda ya magari, katikati ya honi na vumbi. Sasa mlima ulikuwa umetulia kwa misimu miwili ya mvua. Shule zilipofungwa, Uwamariya aliwapandisha wote watatu kwenye lori: Magloire wa miaka kumi na miwili, Verdiane wa miaka tisa, na Carmel, kitinda mimba, aliyekuwa na miaka mitano. "Wakae kwa Papa," alisema kwenye simu. "Huko wako na usalama, na wajue kwao."

Basi walikuja, wakamwita Sogokuru, yaani babu, wakala viazi vyake, na kufikia siku ya nne walikuwa wamekwisha kuchoka. Mbuzi walishawaona. Mto walishauona. Magloire alikaa kizingitini akibonyeza simu ya zamani aliyopewa na mama yake, simu isiyoshika mtandao pale nyumbani, ila ilipiga picha.

"Kesho nitawapeleka Ku Mawe," Sebarenzi alisema ghafla wakati wa kula.

Ku Mawe ni kule juu, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto. Hapo zamani mkoloni mmoja alijenga nyumba kubwa na jengo la kukaushia maua ya pareto, yote kwa mawe meusi yaliyobebwa vichwani kutoka bondeni. Baba yake Sebarenzi alizaliwa nyumba ile ikiwa tayari imesimama. Babu yake ndiye aliyebeba mawe. Mkoloni aliondoka, bati likaondoka, milango ikaondoka, na kuta zikabaki, nene kama urefu wa mkono, mizizi ya miti ya mivumu ikizikumbatia. Sebarenzi alichunga mbuzi pale tangu utotoni. Alipajua kama anavyoijua nyumba yake, au ndivyo alivyoamini.

Waliondoka ukungu ukiwa bado umelala bondeni, watoto wamejifunika vitenge vya bibi yao kwa baridi. Lakini kiangazi cha Masisi kina tabia yake: asubuhi unatetemeka, na saa tano jua linakushukia kichwani hakuna wingu la kulizuia. Walipofika juu, nyasi zilikuwa zimekauka na kugeuka rangi ya ngozi ya simba, na mawe yalikuwa ya moto kiasi kwamba Carmel alikaa juu ya moja akaruka. Kidumu cha lita tano kilikuwa kimebaki na maji ya kufika kwenye kifundo cha kidole.

Magloire alitazama kuta, akatazama nyasi, akamtazama babu yake.

"Hii njo kitu tulikuja kuona?"

"Njo hii."

"Mu kitabu ya shule iko picha ya vitu ya zamani. Inakuwa mikubwa. Iko na ngazi."

Sebarenzi hakukasirika. Aliwaonyesha ukuta wa mbele, jiwe la tatu kutoka kona, ambapo mtu alikuwa amechora msalaba mdogo kwa ncha ya chuma. Aliwaambia kwamba msalaba ule ulichorwa na babu yake, siku aliyoangukiwa na jiwe na asife. Alieleza jinsi wabebaji walivyopanga mstari mlimani tangu alfajiri, na jinsi walivyoimba ili miguu iende pamoja. Alieleza mambo ambayo hata Mukandori hakuwahi kuyasikia. Watoto walianza kusogea karibu. Magloire aliinua simu.

"Sogokuru, simama pale penye mulango. Weka mukono ku jiwe."

Akasimama. Mzee wa miaka hamsini na minane, kofia mkononi, kifua mbele. Magloire alisema jua liko vibaya, akamhamisha upande wa pili. Kisha akataka ya pamoja na Carmel. Kisha Carmel akataka ya peke yake. Baadaye, katika siku zilizofuata, Sebarenzi alizihesabu picha zile moja moja kichwani, akijiuliza ni wakati wa ipi mtoto aliondoka. Zilikuwa saba.

"Verdiane iko wapi?" aliuliza.

Magloire aligeuka. Nyasi zilisimama bila kutikisika. Hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha jani.

"Alisema jua inamuchoma kichwa," Carmel alisema. "Alienda kutafuta baridi."

Sebarenzi aliita mara moja. Sauti ikajibu kutoka nyuma, kwenye jengo la kukaushia, sauti tulivu ya mtoto asiye na shida yoyote: "Niko huku. Kule ndani iko baridi sana."

Alilizunguka jengo. Nyuma kulikuwa na tanuru la kale, mdomo wake mpana kiasi cha mtu mzima kuinama na kuingia, ndani giza na majivu ya moto uliozimika kabla yeye hajazaliwa, na majivu mengine mapya zaidi, ya watu waliopita na kupika humo katika vita. Verdiane alikuwa ametoka, amekaa mdomoni mwa tanuru, miguu ikining'inia. Mkononi alikuwa na kitu cha mviringo, cheusi kwa kutu, ukubwa wa parachichi dogo. Kilikuwa kimefungwa ukanda wa mpira wa baiskeli, umezungushwa mara nyingi. Mtoto alikuwa ameshaufungua karibu wote. Ulibaki mzunguko mmoja, umepasuka-pasuka kwa joto.

"Nilitaka tu mupira yake," Verdiane alisema. "Ya kuruka."

Kuna mwaka ambao askari walilala katika jiko la Sebarenzi kwa wiki sita. Hakuwauliza ni wa nani, wala hawakumwambia. Mmoja wao, kijana mwenye kucheka ovyo, alikuwa na grenadi kifuani, bomu lile la kutupa kwa mkono, na siku moja alimfundisha mwenye nyumba kwa mchezo. Hiki ni kipini chake, alisema. Kikitoka, kinachobaki ni huu mkono wa chuma. Ukiubana, bomu limelala. Ukiuachia, hesabu nne. Sebarenzi hakucheka siku ile. Na sasa, chini ya vidole vya mjukuu wake, aliuona mkono wa chuma. Pale palipokuwa pa kipini kulikuwa na tundu tupu. Mtu fulani, wakati fulani, alikipoteza kipini, akafunga mpira badala yake, akakificha kitu kile majivuni na kwenda zake.

Alitaka kupiga kelele. Akaimeza ile kelele.

"Verdiane," alisema. "Unanisikia?"

"Ndiyo."

"Usifungue tena. Usitupe. Shika nguvu vile unashika, na vidole yote."

Mtoto alimtazama usoni, na alichokiona pale kilimtosha. "Iko nini, Sogokuru?"

"Shika tu."

Nyuma yake alisikia hatua za Magloire. Sebarenzi hakugeuza kichwa. "Magloire, beba Carmel. Mwende mpaka ku ile mikaratusi, kule chini. Mulale nyuma ya tuta. Musirudi mpaka niwaite."

"Juu ya nini?" Magloire alitaka kujua sababu.

"Dada yako iko na grenadi."

Sauti ya mvulana ikaja, nyembamba: "Mimi siwezi kuacha dada yangu."

"Magloire. Carmel hajui njia. Ukibaki, Carmel atabaki. Unaelewa?"

Halafu hatua zikaanza kwenda, kwanza taratibu, kisha kwa mbio, na Carmel akilia anataka kofia yake iliyoanguka.

Timu ya watu wa kutegua mabomu iliwahi kupita kanisani mwaka uliotangulia, wakabandika picha ukutani, wakasema: ukiona usiguse, rudi ulikotoka, ita watu. Sebarenzi aliyakumbuka yote matatu. Hakuna aliyesema la kufanya kama mtoto amekwisha kushika.

Alipiga magoti mbele ya tanuru. Jua lilimpiga mgongoni kama mtu aliyemwekea bati la moto. Jasho lilimwingia machoni na hakuthubutu kulifuta. Alinyoosha mikono yake miwili, mikono ya jembe, akaifunika mikono ya mtoto yote miwili pamoja na kile kitu, akabana. Chuma kilikuwa na joto. Chini ya kiganja chake aliuhisi ukanda wa mpira ukikatika, bila sauti, kama uzi uliooza.

"Sasa hauko peke yako," alisema. "Mimi njo niko nashika. Utatoa vidole, kimoja kimoja. Usikimbie. Ukitoa kimoja, mimi ninaziba fasi yake."

"Minaogopa."

"Na mimi. Anza na kidogo."

Kidole kidogo kilitoka. Sebarenzi alibana. Cha pili kilitoka, kimelowa jasho, na kwa nukta moja aliuhisi mkono wa chuma ukiinuka kidogo, unene wa punje ya mtama, ukisukuma kama kitu kilicho hai. Aliusukuma chini kwa mzizi wa kidole gumba mpaka mfupa ukamuuma. Cha tatu. Cha nne kilikwama, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekibana mno, na mtoto alianza kuvuta.

"Usivute. Ngoja."

Ilimbidi alegeze ili kumwachia. Hilo ndilo jambo alilosimulia kwa shida kuliko yote, miezi mingi baadaye: kwamba njia ya kumtoa mtoto ilikuwa kulegeza mkono. Alivuta pumzi, akahamisha nguvu yote kwenye mkono wa kulia, akalegeza wa kushoto kiasi cha unywele. Kidole kilitoka. Kisha gumba. Kisha mkono mzima wa pili, uliokuwa chini. Verdiane akabaki na viganja vitupu hewani, vyeusi kwa kutu, asijue aviweke wapi.

"Nenda," Sebarenzi alisema.

Hakwenda. Miguu yake ilikuwa bado inaning'inia mdomoni mwa tanuru na ni kana kwamba alikuwa ameisahau.

"Verdiane, shuka. Usinitazame mimi, tazama ile miti. Hesabu hatua zako kwa Kifaransa vile mwalimu alifundisha. Kwa sauti, nisikie."

"Un," alisema mtoto, akashuka. "Deux. Trois."

Alimsikiliza akienda. Alipofika cinquante, hamsini, alikosea, akarudi nyuma, akaanza tena quarante-cinq, arobaini na tano, na Sebarenzi, akiwa amepiga magoti na kifo mkononi, alitamani kumkaripia asirudie, aendelee tu. Sauti ikafifia. Mwishowe hakuisikia tena.

Kulikuwa na kisima cha mawe upande wa mashariki, siterne ambayo mkoloni alikusanyia maji ya mvua, kirefu mara mbili ya mtu na kikavu tangu zamani. Kutoka tanuru hadi hapo ni hatua arobaini. Alizitembea. Vidole vilianza kukakamaa kwenye hatua ya kumi, na kwenye ya ishirini hakujua tena kama anabana au anadhani anabana, kwa hiyo aliutazama mkono wake njia nzima, akipapasa ardhi kwa miguu kama kipofu. Kiu ilikuwa imemkausha ulimi ukagandamana na meno. Alifika ukingoni. Akanyoosha mkono juu ya giza la kisima. Ndipo alipotambua kwamba vidole havifunguki.

Alivibandua kwa mkono wa pili. Kitu kilianguka. Yeye alijitupa nyuma, uso kwenye nyasi kavu, mikono juu ya kichwa, akahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nyenje waliendelea kulia.

Alihesabu mpaka kumi, mpaka hamsini, mpaka mia. Kisha alitambaa kwa tumbo mbali na kisima, akasimama, akaenda kwenye mikaratusi. Watoto walikuwa wamelala nyuma ya tuta kama alivyowaagiza, Magloire amemlalia Carmel mgongoni, Verdiane pembeni amefumba macho. Walishuka mlima bila kidumu na bila kofia ya Carmel.

Jioni ile Sebarenzi alipanda tena, lakini upande mwingine, kwenye jabali ambako simu inashika mtandao. Mukandori alitaka kwenda yeye. Alikataa. Alimweleza Uwamariya yote, pamoja na zile picha saba.

Binti aliuliza kwanza viganja vya Verdiane vikoje.

"Papa," alisema kisha, "nilikutumia watoto juu ya usalama."

"Najua."

"Nakuja."

Mkuu wa kijiji alipeleka habari kwa watu wa kutegua mabomu, wakajibu kwamba wako mbali, upande wa Pinga, na watachukua siku kadhaa. Na kwa kuwa hakuna mlipuko uliosikika, kufikia asubuhi kulikuwa na vijana waliosema mzee ameona kopo la zamani akaogopa. Wawili walitaka kupanda wakatazame kisimani. Sebarenzi aliposikia hivyo hakubishana. Alikata matawi ya miiba, akafunga njia ya Ku Mawe, akakaa mbele yake, mbali kidogo, juani, panga likiwa magotini.

Uwamariya alimkuta hapo mchana wa siku ya pili ya kukaa kwake. Alikuwa ametoka Sake kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, na njia nzima alikuwa amepanga la kusema. Alishawakumbatia watoto nyumbani, alishavikagua viganja vya Verdiane, na nguo zao zilikuwa tayari kwenye mfuko. Alisimama mbele ya baba yake. Mzee hakuinuka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua.

"Umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu asubuhi ya jana. Usiku Mama yako alinilazimisha kulala. Alfajiri nilirudi."

"Hakuna muntu mwingine wa kukaa?"

"Wako. Lakini hawaamini."

Uwamariya alimtazama, kisha akautazama ule mlima aliokimbia akiwa msichana. Alivua kitenge cha mgongoni, akakifunga kwenye vijiti viwili kupata kivuli kidogo, akakaa kando yake. Wale vijana wawili walitokea njiani, wakaona watu wawili badala ya mmoja, na mmoja ni mama mwenye uso wa namna ile, wakageuka.

"Nilikuwa nataka kukugombeza," alisema.

"Gombeza."

"Ningekuwa mimi, ningetupa. Ningeshituka na kutupa palepale, na mutoto akiwa pale." Alijifuta uso kwa kiganja. "Tangu juzi niko nafikiri ile tu."

Uwamariya alikaa siku tatu, wakipokezana zamu na baba yake. Alipoondoka aliwaacha watoto. Si kwamba hofu ilikuwa imemwisha. Alimwambia mama yake wazi kwamba haijaisha. Lakini Verdiane ndiye aliyekataa kwenda. Alisema akienda sasa, ataenda akimwona Sogokuru amepiga magoti, na hataki kwenda na picha ile.

Timu ilifika siku ya tisa. Kiongozi wao aliitwa Akilimali, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, aliyeuliza maswali kwa mpangilio na kuandika majibu. Walifanya kazi kutwa nzima Ku Mawe. Saa nane mchana kijiji kizima kilisikia mlipuko, na vumbi jeusi likapanda kutoka kisimani. Mukandori, aliyekuwa anapepeta maharagwe, aliuweka ungo chini. Baadaye kidogo ukasikika wa pili.

"Mu majivu kulikuwa ingine mbili," Akilimali alimwambia Sebarenzi alipotelemka. "Tuliziweka pamoja, njo ule mulipuko ya pili. Ile yako ilikuwa muzima, Papa. Kutu tu njo ilikamata kitu ya ndani. Ilikuwa inaweza kulipuka mu mukono, ao kisimani, ao leo wakati tunaisogelea."

"Nilikosea kuishika?"

Akilimali alifunga daftari lake. "Siwezi kufundisha muntu afanye vile ulifanya. Na siwezi kukuambia ungefanya nini ingine. Lakini uje useme kanisani. Sisi tunabandika picha, watu wanapita. Wewe wanakujua."

Sebarenzi alisema yeye si mtu wa kusema. Akilimali alisema ndiyo sababu.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele, kofia mikononi, akasimulia. Alisimulia vibaya. Aliruka mambo, akarudi nyuma, akasimama katikati akitafuta maneno mpaka watu wakaanza kuinamisha macho kwa kumwonea haya. Alipofika kwenye habari ya vidole, akaenda kukaa bila kumaliza.

Nje, watu walipokuwa wakitawanyika na gari la Akilimali, aliyekuja kusikiliza, likiwa limeshaondoka, mama mmoja mjane alimfuata. Aliitwa Uwamwezi, na nyumba yake iko karibu na chemchemi. Alitembea naye kidogo, kisha akamshika mkono wa shati.

"Papa Sebarenzi, nyumbani iko chuma," alisema kwa sauti ya chini. "Tuliikuta mu shamba, mume wangu bado muzima. Ndefu hivi, iko na mabawa nyuma kama ya samaki. Tunazuilia nayo mulango. Watoto wanaikalia."

"Miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

Sebarenzi alivaa kofia yake. Alimwambia Magloire akimbie jabalini ampigie Akilimali kabla gari lake halijafika mbali, na amwambie Mukandori awaweke Verdiane na Carmel ndani. Kisha akaongozana na Mama Uwamwezi kuelekea chemchemi, jua likiwa limeshapanda, akimwuliza njiani ni watoto wangapi walioko nyumbani sasa hivi, na ni mlango upi mwingine wanaoweza kutokea.